Mbuta Alipokuja Matangani

Diski ya Kalvera ililetwa Nyamasaria, Kisumu, na mdomo wa Amirah, si kitu kingine. Mjomba wake Mukhtar alikuwa ametoka nyumbani na nia safi ya kununua gemu ya mpira ya msimu mpya, ile ambayo vijana wa ukumbi wake wa gemu walikuwa wakiililia kila siku ya Mungu. Kosa lake lilikuwa moja tu: alimchukua mpwa wake amsindikize. Njia nzima ya kwenda mjini binti aliongea. Dukani aliongea. Aliongea hata mwenye duka alipokuwa akijaribu kuongea. Mukhtar alipokuja kushtuka, alikuwa ameshika kasha jeusi lenye picha ya mlango wa chuma uliofunguka kidogo, na nyuma ya mlango macho mawili meupe.

"Hii ni nini sasa?" aliuliza.

"Ni gemu ya mwaka, Mjomba. Wallahi utanishukuru."

Mukhtar si mtu wa kushukuru haraka. Alirudi ndani akapatana na mwenye duka kwamba diski inaweza kubadilishwa mpaka Jumapili kabla ya kufunga, kisha akatoka akamsimamisha Amirah pale pale kwenye ngazi.

"Sikia, mama. Ukumbi wangu si mahali pa majaribio. Jumapili nikitoka kuswali alasiri nitapita niangalie. Nikikuta hao vijana hawajatoka hata ghorofa ya kwanza ya hiyo kitu yako, nairudisha saa hiyo hiyo, nachukua mpira. Na skrini kubwa usiniombe tena."

Amirah akakubali upesi mno. Angekubali hata kama angeambiwa afagie ukumbi kwa ulimi. Nyumbani kwao hakukuwa na mashine ya gemu wala dalili ya kuwa nayo. Skrini kubwa ya mjomba wake ndiyo ilikuwa mahali pekee chini ya jua ambapo angeweza kuicheza Kalvera, na alikuwa ameingoja zaidi ya mwaka, akitazama kila kipande kilichotolewa na watengenezaji wake, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mpaka akajua milango ya kile kituo kuliko milango ya chuo alichosomea. Tena alikuwa ameshajitangaza. Katika kundi la WhatsApp la wapenda gemu wa Kisumu, watu hawakuwa wakisema gemu fulani ni nzuri au mbaya kabla Amirah hajatuma sauti yake. Na kuhusu Kalvera alikuwa ametuma sauti ndefu, hata kabla hajaigusa, akisema kwamba ikitoka, wengine wote wafunge biashara.

Basi, Kalvera yenyewe ni hivi. Ni kituo kilichojengwa angani, kinaizunguka sayari ya Zohali, na watu waliokijenga wamekufa wote. Imebaki mashine moja, katika chumba cha dawa, ambayo kazi yake ni kutengeneza wafanyakazi. Mfanyakazi wako akifa, mashine inamtoa mwingine papo hapo, mtu mzima mwenye sura yake na jina lake. Anasimama sakafuni akichuruzika maji, na wewe unaendelea naye kama hakuna kilichotokea. Unatakiwa utoke chumba cha dawa, upite ujia mrefu, ufike kwenye lifti. Ni rahisi, ila ndani ya mabomba ya dari anaishi kitu. Mwanzoni humwoni. Unamsikia akipumua tu, na anapumua polepole, kama mtu aliyelala chumba cha pili.

"Na huyo kitu anajifunza," Amirah aliwaeleza vijana Ijumaa, akiwa amesimama mbele ya skrini kubwa mikono kiunoni. "Ukizoea kujificha kwa kabati, kesho anaanzia kwa kabati. Ukizoea kupita kushoto, atakungoja kushoto. Anakusoma wewe, tabia yako. Hakuna gemu imewahi kufanya hivi vizuri. Kwa hivyo nataka kimya. Nataka giza. Hii si mpira."

Akatundika blanketi dirishani. Jua la Nyamasaria likaendelea kuchoma mabati kama kawaida, na ndani ya ukumbi joto likapanda mpaka watu wakaanza kunuka ukweli wao. Lakini giza lilikuwepo.

Kimya ndicho kilichokosekana. Ukumbi wa Mukhtar ulikuwa na sheria yake, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: UKIFUNGWA, SIMAMA. Aliyeshindwa anaachia padi, anayefuata anakaa, hakuna kubembelezana. Na juu ya sheria hiyo vijana walikuwa wameongeza desturi yao wenyewe, ambayo haikuandikwa popote. Aliyefungwa aliwekewa matanga. Hakuondoka hivi hivi. Alisimama mbele ya watu, viti vikapigwa kama ngoma, na Oyugi akatoa hotuba ya mazishi.

Oyugi alikuwa fundi wa pikipiki, mfalme wa mpira wa ukumbi ule, na mwenye sauti ya kumfaa mtu wa kanisa kubwa. Hakuitaka Kalvera hata kidogo. Jumapili ile ile jioni, vijana wa Otonglo walikuwa wanakuja kumpa changamoto ya mpira, na alikuwa amewaahidi diski mpya kwenye skrini kubwa. Kila alipomwangalia Amirah alimwona kama mtu aliyeegesha lori mlangoni pake.

Amirah akakaa wa kwanza. Akatembea ujia wote akiwa amejikunja kitini, moyo unamdunda, na raha aliyoisikia haielezeki. Taa zilikuwa zikizimika moja baada ya nyingine nyuma yake. Mabomba yalitoa jasho. Alitaka kuwaonyesha kila kitu, jinsi kivuli kinavyotangulia kabla ya mwili, jinsi pumzi inavyohama kutoka sikio hili kwenda lile. Mara dari likapasuka, kikashuka kitu kirefu chenye magamba, mdomo umefunguka kuanzia hapa mpaka pale, macho meupe yanang'aa gizani.

"Yawa!" mtu akapiga kelele. "Hiyo si ni mbuta? Mbuta ako na miguu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu waliokulia kando ya ziwa wanamjua samaki mbuta anavyong'aa macho akitolewa majini, na hapakuwa na namna ya kulifuta jina hilo tena. Watengenezaji walikuwa wamempa jina lao la kutisha, refu. Kwa watu wa Nyamasaria alikuwa Mbuta tangu dakika ile. Mbuta akamla Amirah kichwa, Amirah akasimama kwa sheria, na kabla hajafuta jasho viti vilikuwa vinalia.

"Jothurwa," Oyugi akaanza, mkono kifuani, akiwaita watu wake kwa Kijaluo. "Tumempoteza mtu. Marehemu alikuwa mtu wa watu. Alipenda kuongea. Aliongea mpaka mbuta akachoka kusikia."

"Pole sana!" umati ukaitikia.

"Ameacha blanketi moja kwa dirisha. Naomba familia iketi upande huu."

Amirah hakucheka. Alikasirika kabisa. Mtu anangoja kitu mwaka mzima, anakileta kwa watu wake kwa mikono miwili, nao wanakifanya kichekesho! Akarudi nyuma karibu na ukuta akakunja uso, na kwenye skrini yule mfanyakazi mpya alikuwa amesimama peke yake katika chumba cha dawa, maji yanamdondoka, akingoja hotuba iishe na mtu akae.

Hata hivyo, watu hawakuondoka. Hilo alilazimika kukiri. Ijumaa nzima na Jumamosi nzima padi ilizunguka mkono kwa mkono. Kila aliyekaa alicheza kwa akili yake. Mmoja alikimbia tu, kwa kiburi, akafa kwa kiburi. Mwingine alijificha chini ya kitanda mpaka wakamtisha kumtoa kwa maji ya moto. Kila kifo kilipewa matanga yake na hotuba yake, na kila hotuba ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, kwa sababu Oyugi alikuwa ameanza kunogewa. Mpaka wakati wa kufunga Jumamosi usiku, walikuwa wameshapata kifaa cha umeme cha kuwasha lifti na kukipachika mahali pake. Kilichobaki ni mtu mmoja kutembea kutoka chumba cha dawa hadi kwenye lifti, basi.

Lakini Amirah alilala na kinyongo kingine. Yule kitu hakuwa anajifunza. Alimwangalia kwa siku zile zote akingoja aonyeshe ile akili iliyosifiwa, na hakuona chochote. Waliopita kushoto walipita, waliojificha kabatini hakuwatafuta. Asubuhi ya Jumapili akachukua simu akatuma sauti kwenye kundi, na ilimuuma kuituma.

"Jamani, mimi husema ukweli. Picha ni safi, sauti sijawahi kusikia kama hiyo, pumzi kwa mabomba inakusimamisha nywele. Ramani inachanganya na huyo mtu wako anaongea peke yake sana. Lakini hiyo story ya adui anajifunza, wametudanganya. Hajifunzi kitu. Ni mbuta tu."

Majibu yakamiminika. Wengine walisema kule kwao yule mnyama aliwasoma mpaka wakaogopa kuwasha mashine. Mmoja akauliza kama Nyamasaria wanachezea kwa redio. Amirah akaifunika simu kitini akaenda kufungua ukumbi.

Mambo yakaharibika adhuhuri. Baada ya matanga ya mwenzake, kijana mmoja alikaa, akainua padi, na kabla hajapiga hatua moja Mbuta akashuka kutoka dari la chumba cha dawa akamla. Watu wakacheka. Viti vikapigwa, Oyugi akahutubia, wa pili akakaa. Mbuta huyo, juu yake. Akaliwa. Wa tatu akaliwa hata makalio hayajagusa kiti vizuri. Mara ya nne hakuna aliyecheka sana. Mbuta hakuwa na shughuli na ujia tena, wala makabati. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye chumba cha dawa, mahali ambapo wachezaji wote duniani huhesabu kuwa pa salama.

"Imeharibika," mtu akasema.

"Nilisema," Oyugi akasema, bila kuficha raha yake. "Hiyo diski ni mbovu. Rudisheni tucheze mpira kama watu."

Mukhtar mwenyewe akaingia kuchukua kofia yake ya kuswalia alasiri. Alisimama akatazama vifo viwili, akatikisa kichwa.

"Amirah, mwanangu. Ulinikalia kichwani siku nzima kwa ajili ya hii?"

"Mjomba, jana walikaribia lifti kabisa. Waulize."

"Mimi si mtu wa jana. Naenda msikitini. Nikirudi, uwe umetoa diski, umeirudisha kwa kasha."

Akaenda. Amirah alibaki amesimama mbele ya skrini. Hakuwa akililia diski tu. Alikuwa amewaambia watu wengi kwamba anajua kitu kizuri akikiona, na sasa ingebidi awaambie kwamba alikosea, tena katika kitu alichokipenda kuliko vyote. Vijana wengine walikuwa wameshaanza kugeukia skrini ndogo ya pembeni.

Hapo ndipo Debra alipoingia. Debra alikuwa na saluni mlango wa pili, chanuo limechomekwa nywelani, na kwa siku zote zile alikuwa akisikia mayowe kupitia ukuta.

"Nipeeni hiyo kitu mara moja," alisema. "Mteja wangu ako kwa drier. Nataka kuona huyo samaki anaua wanaume hivi."

Padi alikuwa nayo kijana aliyekuwa amekufa wakati ule ule. Oyugi alikuwa ameshaweka mkono kifuani. "Jothurwa..."

"Jothurwa baadaye," Debra akasema, akampokonya yule kijana padi bila kukaa, akamwendesha mfanyakazi mbio. Hakuwa anajua kucheza. Aligonga kuta, akageuka alikotoka, akauliza kitufe cha kuruka ni kipi. Na bado alipita mlango wa chumba cha dawa, akapita ujia nusu nzima, akipiga makelele njia yote, mpaka akajitumbukiza mwenyewe ndani ya shimo la mashine na kufa bila hata kumwona Mbuta.

"Samaki yuko wapi?" aliuliza, amekasirika kama mtu aliyeuziwa hewa.

Wakampa matanga yake, marefu, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kwanza kufa siku hiyo. Wakati Oyugi akieleza jinsi marehemu alivyokuwa na mkono mwepesi wa kusuka, Amirah alikuwa akitazama skrini. Yule mfanyakazi mpya amesimama. Maji yanadondoka. Pumzi ikaanza mbali kwenye mabomba, ikasogea, ikasogea. "Mungu alitoa..." Oyugi akafikia pale anapofikia siku zote, umati ukaitikia, kijana wa zamu akainama kukaa, na dari likapasuka.

Amirah akapiga yowe ambalo halikuwa la woga, kisha, kijana alipoliwa, akasimamisha mchezo na kuiacha padi kitini.

"Anatujua!" alisema. "Anatujua sisi! Wallahi tena, anatujua!"

"Nani?" Debra akauliza.

"Mbuta! Angalieni. Kila mmoja wenu anacheza vyake, si ndiyo? Huyu anakimbia, huyu anajificha. Hawezi kumsoma mtu, kwa sababu kila akianza kumsoma anakufa anakuja mwingine. Sasa yeye anaona sisi wote ni mtu mmoja. Na huyo mtu mmoja ana tabia moja tu isiyobadilika. Akifa, akirudi, anasimama tu! Hasogei! Kwa nini hasogei?"

Wakatazamana. Kisha, kidogo kidogo, vichwa vyote vikamgeukia Oyugi, ambaye mkono wake ulikuwa bado kifuani.

"Wacha zako," Oyugi akasema.

"Ni matanga, Oyugi! Ni hotuba yako! Tunalia huku, mwili uko pale umesimama, yeye amejifunza. Amejifunza saa ya matanga. Debra hakungoja hotuba, kwa hivyo alipita. Hii gemu haijaharibika. Hii gemu ndiyo gemu kali kuliko zote nimewahi kuona maishani mwangu, nami asubuhi nimeitukana!"

Baridi ikawapita wote kwa pamoja, ndani ya lile joto. Kuna woga wa kuona meno, na kuna woga wa kugundua kwamba kitu kimekaa gizani kikiwasikiliza siku tatu, kikijua mnapenda nini. Vijana waliokuwa kwenye skrini ndogo walirudi wote. Mmoja alilifunga vizuri blanketi lililoanza kulegea.

"Sasa," Oyugi akasema polepole, na sauti yake ya mazishi haikuwepo, "si tuache tu hotuba? Mtu akifa, anayefuata anyakue, akimbie."

"Akikimbia atamkuta kwenye ujia, atajifunza na hiyo," Amirah alisema. "Hapana. Tunajua anakuja saa ngapi na anakuja wapi. Nani mwingine duniani anajua hivyo?" Akaonyesha ukuta wa kushoto wa chumba cha dawa. Kulikuwa na mlango mdogo wa duara, ambao watu wa kituo walitumia kuwatolea maiti wao nje, angani, na kando yake mkono wa chuma wa kuufungulia. Ukiuvuta, hewa yote inatoka na kila kisichofungwa kinatoka nayo. Kwenye kitanda cha mashine, karibu na mkono huo, kulikuwa na mkanda mrefu. "Mtu ajifunge kitandani. Asimame kimya. Tumfanyie matanga kama kawaida. Mbuta akishuka, mlango unafunguliwa."

"Na akivuta mapema?"

"Mbuta anarudi juu ya dari, na amejifunza. Hatapata kudanganywa tena. Ni mara moja tu."

Kila mtu akaitazama padi, na hakuna aliyeinyooshea mkono. Oyugi ndiye aliyeichukua kitini. Ilikuwa zamu yake. Aliipima mkononi, akaangalia mlangoni kama mtu anayefikiria vijana wa Otonglo, halafu akampa Amirah.

"Kaa wewe," alisema. "Mimi nitasema maneno."

Amirah akakaa. Akaendeleza mchezo, akamfunga mfanyakazi wake mkanda, akamgeuza uso ukutani, akaweka kidole juu ya kitufe cha kuvuta ule mkono wa chuma, akakiacha hapo. Viti vikaanza kupigwa, taratibu.

"Jothurwa," Oyugi akaanza, na safari hii hakuwa akiigiza. "Tumempoteza mtu."

"Pole sana."

"Alikuwa dada yetu. Alituletea kitu, tukamcheka."

Amirah hakugeuka. Pumzi ilikuwa imeanza, mbali.

"Alituambia tunyamaze, tukapiga viti. Alikuwa na roho ya kupenda vitu. Si wengi wako nayo."

Pumzi ikapita juu ya mlango. Bomba likalia. Vumbi likadondoka kutoka dari la chumba cha dawa, likatua begani kwa yule mtu aliyesimama kimya.

Wakati huo mlango wa ukumbi ukafunguliwa na Mukhtar akaingia, kofia kichwani, amejiandaa kuuliza habari ya kasha. Akaona skrini. Akaona vidole virefu vyeupe vikitokeza darini, kimoja baada ya kingine, nyuma ya kichwa cha mtu asiyejua.

"We! Kimbia!" akafoka. "Amirah, iko nyuma yako! Mbona umesimama?"

"Nyamaza, Mjomba!"

"Kimbia, mtoto! Inashuka!"

"Mungu alitoa," Oyugi akasema kwa nguvu, kumfunika Mukhtar.

Mbuta akashuka mwili wote. Alikuwa mkubwa kuliko walivyowahi kumwona, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtazama mpaka mwisho. Akasimama nyuma ya yule mtu, akafungua mdomo, skrini nzima ikawa meno, Mukhtar akamshika Debra mkono bila kujua ni mkono wa nani, na Amirah akabonyeza.

Mlango wa duara ukafunguka. Kila kitu kilichokuwa ndani ya chumba kikaruka, vyombo, maji, karatasi, na katikati yake Mbuta, akikwaruza sakafu kwa kucha, magamba yakichomoka, macho meupe yakiwatazama wote kana kwamba amefahamu. Kisha alikuwa nje, mdogo, akibiringika mbele ya duara kubwa la Zohali, bila sauti yoyote.

Ukumbi ulipiga kelele zilizotoa watu madukani. Oyugi alimnyanyua Amirah pamoja na kiti. Debra alikuwa akiruka, chanuo limeanguka, mteja wake amesimama mlangoni na rola kichwani akiuliza ni nani ameokoka. Amirah alikuwa akilia na kucheka, na akiwa bado angani akawa anapiga kelele, "Niwekeni chini! Niwekeni chini nifike lifti!" Wakamweka chini. Akatembea ule ujia mrefu bila pumzi yoyote darini, akaingia kwenye lifti, na ghorofa ya kwanza ikafungika nyuma yake. Alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Lifti ikafunguka kwenye giza jipya. Wote wakanyamaza wenyewe, bila kuambiwa. Pumzi ikasikika upande wa kulia. Halafu nyingine, upande wa kushoto.

"Mayoo," Debra akanong'ona. "Wako wawili."

Hapo ndipo vijana wa Otonglo walipofika, wamevaa jezi kabisa, nahodha wao Frankline mbele. Akachungulia gizani.

"Oyugi! Tumekuja. Diski mpya iko?"

Kila mtu akamtazama Mukhtar. Amirah alisimamisha mchezo, akageuka naye. Saa yenyewe ndiyo hii, na duka la mjini lilikuwa bado halijafungwa. Mukhtar alikohoa. Akashika ndevu. Lakini kabla hajatoa neno Oyugi alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kifuani.

"Ndugu zangu, leo hakuna mpira," alisema. "Tumefiwa."

Frankline akavua kofia haraka. "Pole sana, omera. Ni nani?"

"Ni wengi. Ingia tu, uketi na wengine."

Wakaingia kwa adabu, wakakaa pembeni wakitafuta jeneza. Amirah akaendeleza mchezo. Alipiga hatua chache ndani ya giza, akageuka kulia, na wale wawili wakamfikia kwa wakati mmoja. Vijana wa Otonglo walirukia nyuma kama waliomwagiwa maji. Mmoja aliangusha benchi. Viti vilipigwa, umati ukaitikia, na Oyugi, kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule ujengwe, alitoa hotuba fupi.

Frankline hakuwa amefumba mdomo. Alitazama skrini, akatazama sheria ukutani, akatazama padi mkononi mwa Amirah.

"Sasa," aliuliza, "mimi nitakufa saa ngapi?"

"Panga laini," Mukhtar akajibu. Alikuwa ameshavuta kiti mpaka mbele kabisa, akivua kofia yake ya kuswalia aiweke mfukoni, na alimnyooshea mpwa wake mkono apewe padi. "Wewe uko nyuma yangu."

Amirah akasimama akampisha.